Nani Atapiga Kwanza Harusini kwa Pimbi?

Ketini vizuri mnisikilize. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiposa na kuozana kama sisi, Pimbi alikuwa na binti yake aliyeitwa Mwanasiti. Pimbi ni mnyama mdogo tu, hazidi paka, na nyumba yake ilikuwa katikati ya majabali.

Posa ilipokubaliwa, Pimbi akamuuliza binti yake, "Mwanangu, siku yako unataka muziki gani?"

"Nataka Bibi aniimbie, Mama. Sitaki kingine."

Bibi huyo, Bi Shekue, mama yake Pimbi, ndiye aliyemlea. Zamani alikuwa mwimbaji wa kusifiwa, lakini tangu augue kifua sauti yake ilikuwa imekonda.

"Nitakuimbia, mjukuu wangu," akasema. "Ila watu wanyamaze. Sina pumzi ya kushindana na mtu."

Mara, tii! tii! Nyumba ikatikisika. Tembo huyo, na tarumbeta lake.

"Hodi! Bi Pimbi, nimesikia unaoza. Tarumbeta langu litalia tangu asubuhi mpaka jua lizame. Paaa! Paraaa!"

Pimbi hajajibu, Kifaru naye akafika, anasukuma ngoma kubwa kama pipa.

"Tarumbeta? Watu watachezaje bila ngoma? Ndu! Ndu! Ndu! Nitapiga mimi!"

Mwanasiti akaanza kulia kimyakimya. Alikumbuka harusi ya Nguchiro. Siku ile wawili hawa walipiga kwa pamoja, ukuta ukaangukia sufuria za pilau, na kadhi akamuuliza bibi harusi mara tatu kama amekubali, asisikie jibu. Na kuwakatalia haikuwezekana. Kifaru akikasirika hukanyaga chochote kilicho mbele yake.

Pimbi akawafuta machozi wote wawili, binti na bibi yake, kisha akatoka nje anatabasamu.

"Karibuni sana, waheshimiwa. Mmenipa heshima. Ila sisi mapimbi tuna utaratibu wetu. Mpigaji mdogo hutangulia, awachangamshe watu wakati wanatafuta pa kukaa. Mpigaji mkubwa huja mwisho, watu wote wametulia, wanamtazama yeye tu."

"Vizuri sana!" akasema Tembo.

"Safi kabisa!" akasema Kifaru.

"Basi nani mdogo, nani mkubwa, mtakubaliana wenyewe. Mimi nitajuaje?"

Siku ya harusi ikafika. Wageni wakajaa, vyakula vikanukia. Tembo akasimama upande huu wa uwanja, Kifaru upande ule.

"Haya, Bwana Kifaru, anza," akasema Tembo.

"Nianze mimi? Anza wewe!"

"Mimi ni wa mwisho."

"Wa mwisho ni mimi! Hebu puliza hilo bomba lako, watu wakae."

"Thubutu!"

Tembo akaliweka tarumbeta chini ya kwapa. Kifaru akaikalia ngoma yake, pu! Wakatazamana kwa hasira, kila mmoja akihofia kutoa sauti hata ndogo, asije akahesabiwa mdogo.

Uwanja ukawa kimya.

Pimbi akamshika mama yake mkono. "Sasa, Mama."

Bi Shekue akaimba. Aliimba alivyombeba Mwanasiti mgongoni siku za mvua, na alivyomfundisha kupanda majabali. Sauti ilikatika mara mbili, akapumua, akaendelea. Hakuna aliyekohoa. Mwanasiti alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Kadhi alipouliza, jibu lilisikika mpaka nyuma: "Nimekubali!"

Watu wakala, wakashiba, wakaaga. Maharusi wakaondoka.

Tembo akashtuka. "Bi Pimbi! Mbona watu wanaondoka? Mimi sijapiga!"

"Wala mimi!" akanguruma Kifaru.

"Nami nilikuwa nawangoja, waheshimiwa," akasema Pimbi. "Kila nikigeuka naona hakuna anayeanza."

"Kwa hiyo aliyepiga kwanza ni nani?" akauliza Tembo.

"Mama yangu."

"Na aliyepiga mwisho?" akauliza Kifaru.

"Huyohuyo mama yangu."

Hawakuweza kumgombeza kikongwe, na kila mmoja alijua ni mdomo wake mwenyewe uliokataa kuanza. Kifaru akasukuma ngoma yake kurudi kwake, Tembo akafuata nyuma, hawasemezani.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ukialikwa harusini, muulize kwanza mwenye harusi anapenda kusikia nini.