Nguchiro Aliyekataa Kuitika Salamu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wakubwa huko nyuma mnaitikia kama mliokunywa uji wa jana. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na polisi wao, alikuwepo Nguchiro. Jamani, Nguchiro alikuwa na adabu! Akikutana na siafu njiani, anawasalimia mmoja mmoja. Alichelewa shambani, alichelewa hata kwenye harusi yake mwenyewe, lakini salamu haikumpita.

Siku moja mayai ya Kanga yakaibwa. Kanga akalia, "Wanangu! Wanangu!" Wanyama wakasema, nani mwingine hapa anapenda mayai? Ni Nguchiro tu! Kumbe maskini hata hakuyagusa. Wakamkamata, wakampeleka kituoni kwa Afande Fisi. Akionekana na hatia, yeye na mkewe na watoto wao watafukuzwa msituni.

Mkewe akamshika mkono mlangoni. "Baba Chiku, sheria inakuruhusu kunyamaza. Nyamaza mpaka Shangazi Nungunungu afike. Yeye ndiye anayezijua kesi."

"Nitanyamaza, mke wangu."

Ndani, Fisi ameketi. Dirishani ametua Kunguru. Kazi yake ni kuwatangazia walio nje kila linalosemwa ndani.

Fisi akatabasamu. "Habari za asubuhi, Nguchiro?"

Loo! Hiyo si salamu? Utaiachaje? "Nzuri, afande."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Hawajambo."

"Za mayai?"

"Nzuri, afande."

"Kwaa! Kwaa!" Kunguru akatoa kichwa nje. "Amekubali! Habari za mayai anazo, tena nzuri!"

Nje wakaja juu. "Afukuzwe! Afukuzwe!" Katikati ya kelele Nguchiro akamsikia mkewe akilia. Akawaza: nikinyamaza, watasema mimi mwizi, tena sina adabu. Nikiitika, wanangu watalala wapi? Hasira zikampanda. Akaushika mkia wake mwenyewe, akautia mdomoni, akauuma.

"Za mchana, Nguchiro?"

Kimya, jii.

"U mzima lakini?"

Jii.

Fisi akasimama, akainama mpaka pua ikagusa meza. "Shikamoo, mzee Nguchiro!"

Mnaona vituko? Afande mzima anamwamkia mshukiwa! Aibu ikamchoma Nguchiro, masikio yakamwaka moto, machozi yakamtoka. Mkia hakuuachia.

Sasa, nyie mnajua salamu isiyoitikiwa inavyowasha. Na Fisi naye alilelewa na bibi yake, akafunzwa. Akajikuna shingo. Akaizunguka meza. "Za mayai, Nguchiro?" Jii. "Nasema, za mayai?" Jii. Akajikuna mgongo, akajikuna tumbo, ikamshinda.

"Nzuri!" akajiitikia mwenyewe. Akashusha pumzi. Aa, raha iliyoje! "Za utamu wake?" akajiuliza. "Acha tu!" akajijibu. "Na umeyamaliza yote?" "Yote, maganda nimeyafukia nyuma ya kituo!"

Akaziba mdomo. Wapi!

"Kwaa! Kwaa!" Kunguru huyo dirishani, kazi ni kazi. "Afande ndiye kayala! Maganda nyuma ya kituo!"

Wakafukua, wakayakuta. Kanga akamrukia Fisi, pa! pa! pa! Fisi mbio, msitu mzima nyuma yake. Shangazi Nungunungu akafika anahema. "Kesi iko wapi?" "Imekwisha, shangazi!" Wanyama waliporudi wakapiga ngoma ya ushindi, naye shangazi akaingia kucheza pamoja nao, miiba inalia chwa! chwa! chwa! na kila mtu anamkwepa.

Nguchiro akamkumbatia mkewe, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Basi wanangu, na nyie wakubwa msiopenda kuambiwa: polisi anapokuhoji, si lazima umjibu, hata akikuuliza kwa tabasamu, hata kama huna kosa. Msubiri mtu wako anayezijua kesi. Kunyamaza si kukiri, wala si kukosa adabu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nipeni maji, koo limekauka.