Nani Aupe Mlima Jina

Hapo zamani, zamani ya babu zetu wakiwa bado na meno yote, kulikuwa na mlima ulionyang'anywa jina. Gavana, Mzungu aliyelitawala bonde lile, alilifuta la asili, akaupachika jina la mama yake mzazi. Wazee waliolijua lile la kwanza walikwisha kufa chini ya mawe. Maana bonde zima lilibebeshwa mawe ya barabara, mwanamume na mwanamke, mzima na mgonjwa, na aliyeanguka alichapwa palepale alipolala. Hata Jumapili, siku ya Bwana, mawe.

Siku moja Wilondja akalitua jiwe lake. Akasema, "Hili ni la mwisho." Akapanda mlimani na mdogo wake Mlondani, na shemeji yake Etungano, na wachache wengine wasio na kitu ila mapanga na sala.

Huko akawapa sheria moja tu. "Ukienda kula kwa mtu, acha silaha mlangoni. Chukua mtungi, shuka mtoni, mchotee maji. Ndipo ule."

Wakacheka. Mwanamume na mtungi kichwani!

"Shemeji," akauliza Etungano, "tumekuja kupigana au tumekuja kuolewa?"

"Tumekuja tusifanane na Gavana. Beba mtungi."

Wakabeba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Nabintu, mjane aliyeishi ukingoni mwa msitu. Alipoona dume zima lenye ndevu linapanda kilima na mtungi, maji yanamchuruzika shingoni, alicheka hata akakaa chini. Kisha akapika. Akawaita wanawake wenzake, nao wakapika. Askari wa Gavana wakaja wakamchomea nyumba; akajenga, akapika. Wakachoma tena, na mara hiyo wakawaua wanawake wawili. Akawazika, akalia, akapika juu ya majivu.

Kwa chungu kile wachache wakawa wengi, na wengi wakawa jeshi. Wakateka bohari ya baruti. Wakalivunja daraja la Gavana. Na siku hiyo hiyo, kwenye njia nyembamba ya mlimani juu ya mto, Mlondani alisimama peke yake ili wenzake wavuke, akafa akiimba zaburi, na mwili wake ukaenda na mto. Jamani, siku zile! Ulikuwa ukisikia watu wakisema "wale wa mlimani," kifua kinapanda chenyewe, hata cha mwoga.

Sasa sikilizeni palipoingia ufa. Siku ile ya ushindi wa daraja, Wilondja alifika kwa Mama Nabintu amechoka, ana msiba wa ndugu yake moyoni. Mtungi ulikuwa pale pale. Aliuona. Akakaa.

"Mama, nichotee maji ninawe."

Mama Nabintu akamtazama. Akautwaa mtungi, akaenda mtoni. Lakini wapiganaji walikuwapo, na walichoona wamekiona. Kesho yake kila mmoja alichotewa maji. Baadaye wakataka kuku. Baadaye wakachukua mbuzi bila kuuliza, na aliyekataa akaitwa msaliti.

Mama Nabintu akakifudikiza chungu chake. Bonde zima, wanawake wakafudikiza vyungu. "Nendeni mkale bunduki," wakawaambia.

Njaa ikapanda mlimani, wapiganaji wakaanza kutoroka. Hapo Etungano, bila kumwambia kamanda wake, akashuka na kitambaa cheupe hadi kwa Gavana. Akasema, "Ondoa mawe, ondoa viboko, nasi tutatua silaha." Gavana hakujua habari ya njaa, alichojua ni daraja lake lililovunjika. Akakubali. Siku mawe yalipokoma, siku hiyo hiyo jeshi nalo likakoma.

Miaka ikapita, Gavana akarudi kwao. Mwami, mkuu wa bonde, akawakusanya watu baada ya ibada. Mlima upewe jina jipya, na desturi yao ni hii: jina la mlima hutoka kinywani mwa mtu mmoja, mara moja, wala halibishaniwi. Wakasimama watatu.

Wilondja, mvi tupu, akasema, "Mimi niliharibu. Maji yale niliyaomba mimi, na Mungu wangu anajua ninavyotubu. Lakini kama si mimi kutua jiwe, mngekuwa mnabeba hata leo. Mdogo wangu hana mtoto, hana kaburi. Asipoitwa mlima, hataitwa popote. Niacheni niseme: Mlondani."

Mama Nabintu akasema, "Pole, mwanangu. Lakini kama si chungu changu, ungepigana kwa meno? Na kama nisingekifudikiza, leo tungekuwa na Gavana mwingine, mweusi kama mimi, anaitwa Wilondja. Wenzangu waliuawa kwa ajili ya ugali wenu. Mimi nitasema: Mlima wa Vyungu."

"Msaliti ni huyu hapa!" Wilondja akamnyooshea kidole Etungano. "Ungengoja kidogo tu, tungelala kitandani mwa Gavana!"

"Tungelala, ndiyo, lakini kaburini, shemeji," akajibu Etungano. "Kama si mimi kushuka, tungekwisha kwa njaa na mawe yangebaki. Miaka yote hii mnanitemea mate, na migongo yenu haina kovu jipya. Mimi nitasema: Tumeshuka. Watoto wajue kuna waliopanda wakarudi hai."

Watu wakapiga vigelegele kwa wa kwanza, wakapiga kwa wa pili, na kwa wa tatu wakapiga pia, wengine wakilia. Wote watatu walikuwa watu wao, na bonde zima lilijivunia kuwa limewazaa. Mwami akavua kofia, akainama, asijue amwite nani mbele.

Haya, wasikilizaji wangu. Mmoja aliwasha, mmoja alilisha kisha akazima, mmoja alivuna kabla moto haujaisha. Mlima umesimama pale bila jina, na kinywa kimoja tu ndicho kitakachofunguka. Je, cha nani kilistahili?