Askari Hashiki Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ndani ya kichuguu, paliishi mchwa askari aitwaye Sikudhani. Adui zao walikuwa siafu. Na sheria ya jeshi ilikuwa moja: siafu wakitoboa tundu, askari atie kichwa chake, azibe. Tundu huziba, askari hufa. Ndivyo alivyokufa Mwanaheri, dada yake Sikudhani. Sikudhani alilia, akalia, kisha akafikiri.

Akakanda udongo kwa mate. Akafinyanga donge. Akalipachika tunduni, pwa! Likashika.

Akalipeleka kwa koplo. "Zuri. Mpelekee sajini." Sajini naye, "Zuri. Mpelekee kapteni." Kapteni akasema, "Zuri sana! Lakini mimi sitaki maneno. Mpelekee jemadari."

Jemadari Shambe akalitazama donge kama aliyeletewa uji uliochacha.

"Nani kakanda?"

"Mimi, afande."

"Askari hashiki udongo! Hiyo kazi ya vibarua. Babu zetu waliziba kwa nini?"

"Kwa vichwa, afande. Ndiyo maana hatukuwahi kuwaona."

"Toka!"

Akatoka. Lakini hakuacha. Alikanda, akakanda, akakanda, akayapanga madonge kila pembe ya kichuguu.

Mvua ikanyesha. Siafu hao! Chakacha, chakacha, chakacha! Wakatoboa matundu saba. Jemadari akahesabu askari waliobaki. Sita. Akahesabu tena. Sita.

"Tundu la saba nani?" akauliza.

Wote wakamtazama yeye.

Jemadari akapapasa kichwa chake.

"Sikudhani, mwanangu," akasema, "lile donge... liko wapi?"

"Yako mia, afande. Shika!"

Na jemadari akashika udongo. Pwa! Pwa! Pwa! Matundu yote saba! Siafu wakauma, taya zikanasa, wakarudi walikotoka midomo imejaa matope. Vigelegele vikapigwa, kichuguu kikatikisika. Sikudhani akahesabu wenzake. Askari wote wazima, na jemadari wa saba. Akacheka huku akimlilia Mwanaheri.

Tangu siku hiyo kila askari hukanda udongo, na jemadari ndiye huanza.

Basi, enyi wakubwa, msingoje mpaka ifike zamu ya vichwa vyenu ndipo mlikubali wazo jipya. Nanyi wadogo, mkikataliwa, endeleeni kukanda.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tundu la saba. Mwenye matope akanawe, tukale.