Sauti Arobaini za Bi Kalunguyeye

Zamani hizo, wanangu, za kale kabisa, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na makomeo, palikuwa na gulio la vibanda arobaini. Kimoja kilikuwa cha Bi Kalunguyeye, mjane mfupi mwenye miiba mgongoni na maneno mengi mdomoni. Aliuza chumvi. Jirani yake alikuwa Digidigi, muuza ndizi. Walianza kusemezana jua likichomoza, na jua likizama hawajamaliza.

Basi akatokea Ndovu, akajenga ghala juu ya kilima, kubwa mpaka likaziba upepo. Akatangaza kwamba hakuna haja tena ya kutoka nyumbani. Njiwa atapita mlangoni kuuliza unataka nini, na kesho yake mzigo umewekwa kizingitini, kwa bei ya chini kuliko ya yeyote. Kila jioni alimuuliza karani wake, Kasuku, kitu gani kimeagizwa zaidi. Kikiwa chumvi, asubuhi ghala limejaa chumvi, na muuza chumvi atajijua. Kitu chenyewe ni cha nini, Ndovu hakuuliza hata siku moja.

Vibanda vikafungwa kimoja kimoja. Wenyewe wakaenda kuomba kazi kule kule kilimani, maana tumbo halina likizo. Siku moja Digidigi naye akasimama mbele ya chumvi, macho chini.

"Shoga, wanataka wenye mbio. Mimi mbio ninazo."

"Na maongezi yetu je?"

"Huko hawaruhusu kuongea kazini," akasema, akaondoka.

Kalunguyeye akabaki na vibanda thelathini na tisa vitupu. Upweke ni kitu kibaya, wanangu. Ilifika mahali akawa anaisimulia chumvi habari za jana, na jana yenyewe haikuwa na habari. Biashara ilimuuma, lakini shoga yake alimuuma zaidi. Ndipo akaapa kumhamisha Ndovu kutoka kilimani.

Alianza siku migunga ilipochanua. Alfajiri akajikunja ndani ya kibanda kitupu cha Ngiri, tayari kuiga sauti yake, maana sauti za majirani wote alizijua. Njiwa, aliyepita kila mlango hata wa kibanda, akatua, pu, akauliza haraka haraka. Ikamjibu sauti nzito ya Ngiri:

"Niletee gogo lililotobolewa ndani, lenye mfuniko na tundu dogo mbele."

Njiwa hakuchungulia, maana siku hizo Ndovu alikuwa akimhesabia hata pumzi zake. Akatua kibanda cha pili, akakuta sauti nyembamba ya Swala, naye anataka gogo. Kalunguyeye alikuwa akipita kwa nyuma, tuku tuku tuku, mpaka vibanda vyote arobaini vikaagiza. Kwenye kibanda cha Digidigi ilibidi aige sauti ya shoga yake. Alikuwa hajaisikia kwa miezi saba, na sasa ilikuwa inatoka kinywani mwake mwenyewe. Akalia kidogo, kisha akaagiza gogo.

Akafanya hivyo siku tatu. Jioni ya tatu Kasuku akamwambia bwana wake kwamba magogo yameagizwa mia moja na ishirini, na chumvi mara nne tu.

"Jaza magogo," akasema Ndovu.

"Ghala zima, Bwana?"

"Wakitaka mawe, watapewa mawe. Jaza."

Vigogota wakaajiriwa, ko ko ko ko, mpaka ghala likajaa hadi darini. Nani kati yenu hajui gogo la namna hiyo? Ni mzinga. Nyuki wa migunga yote walikuwa wakitafuta makazi, wakaona kilima kizima nyumba tupu. Vuuuuu! Kabla jua halijapanda wakawa wamekwisha kuhamia.

Ndovu akaja kukagua, akaingiza mkonga kwenye gogo la kwanza. Ngozi ya Ndovu ni nene, lakini ndani ya mkonga ni laini kama pua ya mtoto. Alitoka na ukuta, akavuka mto bila kupima kina, na mpaka leo hajarudi. Wafanyakazi wakatawanyika, kila mmoja kwake.

Kalunguyeye akafagia gulio, akapanga chumvi, akangoja. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili, hakuja mtu. Njia ilikuwa imeota nyasi, na wenye nyumba walikwisha kuzoea kukaa ndani.

Siku ya tatu akafunga kibanda, akaenda mpaka kwa Digidigi, akabisha hodi.

Kisha sauti aliyoijua, imechoka, ikasema kutoka ndani:

"Weka hapo mlangoni."

Kalunguyeye alisimama pale mikono mitupu. Moyo ulimuuma kuliko ulivyomuuma miezi yote saba.

"Sina cha kuweka, shoga," akasema. "Nimekuja mwenyewe."

Ndani zikasikika kwato zikija polepole. Kisha komeo likaanza kusogea, kriii.

Basi, wanangu, mkubwa hushindwa kwa akili, lakini jirani hurudishwa kwa miguu.