Lundo Lililonyweshwa Maji

Mazoea yana taabu. Wahenga walimaanisha kwamba jambo lililomwingia mtu damuni humshinda hata aliyekata shauri kuliacha.

Mjomba alikuwa fundi wa mbolea ya mboji katika shamba moja kwa miaka thelathini. Lundo likipoa alilinywesha maji, likapata joto upya, na wakulima wakamsifu. Shamba lilipofungwa, mpwa wake, msimamizi wa uwanja wa taka za soko, alimdhamini kwa wakubwa wake apewe kazi pale.

Uwanja huo haukutengeneza mboji. Maganda na mboga mbovu zilirundikwa juu ya mabomba ya hewa. Zikioza zilitoa joto, joto likafukuza maji, na baada ya siku kumi na tano zikawa kavu na nyepesi, tayari kupelekwa dampo. Watu wa dampo walikwisha kuonya: lori la uwanja likivuja tena maji ya taka njiani, watalifungia lango lao, na wakubwa wa soko walisema msimamizi ataondolewa.

"Mjomba, hapa maji ni sumu," mpwa alisema kwa adabu, maana kumkanya mjomba si kazi nyepesi. "Usitie hata tone."

"Nimesikia, mwanangu. Mimi si mtoto."

Na kweli alisikia. Lakini siku ya kumi na nne alitia mkono ndani ya lundo, akakuta limepoa, na roho ikamuuma. Lilipoa kwa kuwa limekauka. Yeye aliona kiu. Alijiambia ni mara moja tu, akamwaga ndoo ya kwanza, ya pili, hadi akapoteza hesabu. Asubuhi lundo lilifuka mvuke, naye akatabasamu peke yake.

Siku hiyo hiyo lilipakiwa. Lori lilivuja maji meusi kutoka sokoni hadi dampo, na lango likafungwa. Mpwa alipoulizwa nani mkosaji, alijibu kwamba uwanja ni wake. Akarudishwa kufagia soko.

Mjomba, kikombe cha maji mkononi, alimkuta akikusanya vitu vyake kando ya lundo jingine.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuponza."

"Yamepita, mjomba," alijibu, ingawa hayakuwa yamepita.

Mjomba aliapa kwamba hatagusa tena ndoo maishani mwake. Kisha akanywa maji yake, na yaliyobaki kikombeni akayamwagia lundo.

Wote wawili waliutazama mkono ule. Kweli, mazoea yana taabu.