Nani Awe Somo wa Mtoto wa Mwanahawa?

Wenye masikio sogeeni, na wenye hekima mkae mbele, maana leo nina kazi ya kuwapa. Mimi imenishinda, na ukoo mzima umeshindwa.

Walikuwapo wanawake watatu. Kabula alijua kuisoma hewa. Eliwaza alijua kukipinda kioo. Nanyori, mhudumu wa zahanati, alikuwa na mkono usiotetemeka, mkono wa mtunga shanga.

Kabula na Eliwaza walifanya kazi hospitalini, ng'ambo ya Ziwa Chepe, ziwa la magadi lenye joto la kukaangia yai. Mafuriko yalipoangusha mnara wa simu, sauti na picha za wagonjwa zikawa zinavushwa kwa mwale wa leza kati ya zahanati yetu na hospitali. Asubuhi zilifika safi. Mchana hewa juu ya magadi ilichemka, ikautikisa mwale, na picha zikafika vipande vipande.

Basi wifi yangu Mwanahawa, miaka kumi na mmoja akiomba mtoto, akashikwa na uchungu mchana wa saa saba. Mtoto akatanguliza miguu. Mkunga wa zahanati hakuwahi kuzalisha mtoto wa namna hiyo, na daktari aliyejua alikuwa ng'ambo.

"Nikiona nitakuelekeza," daktari alisema, sauti ikikatika. "Sasa hivi sioni kitu."

Nanyori alipanda juu ya bati la zahanati linalounguza akaishika taa ya kuongozea mwale, maana upepo ulikuwa umevunja kigingi chake. Aliielekeza hospitalini dakika ishirini na tano bila kuyumba. Aliposhuka viganja vilikuwa na malengelenge.

Kabula aliupokea mwanga wa taa ile. Kwa chombo alichokiunda mwenyewe aliupima mara elfu kwa sekunde, akajua hewa imeukunja wapi na kwa kiasi gani.

Kioo cha Eliwaza ni chembamba, na nyuma kina vijiti mia vya kukisukuma na kukivuta. Kila palipokunjwa, kilijipinda kinyume. Mwale uliokuja ukanyooka. Mwale uliokwenda aliupinda makusudi kabla haujaondoka, ili hewa yenyewe iunyooshe njiani, kama mtu anayerusha jiwe kando ya embe akijua upepo utalirudisha.

Daktari akaona. "Usimvute," alimwambia mkunga. "Mwache ashuke mwenyewe. Sasa mshike kiunoni, taratibu."

Mtoto wa kike akalia, na sisi tukalia naye. Namshukuru Mungu hadi leo.

Kwetu mtoto hupewa jina la aliyemwokoa, na somo ni mmoja tu. Daktari na mkunga msinitajie: wameshapewa mbuzi, na wote wawili ni wanaume.

Tukamwendea Nanyori. "Mimi nilishika taa tu," akasema. "Mwiteni Kabula."

Kabula akakataa. "Kujua palipoharibika si kutengeneza, dada. Mwiteni Eliwaza."

Eliwaza naye akacheka. "Bila ile taa, kioo changu kingebahatisha. Mwiteni Nanyori."

Tukarudi tulikoanzia. Walipokuja kumwona mtoto, Mwanahawa akawashika mikono wote watatu. "Ningejaliwa watoto watatu nisingewasumbua," alisema. "Lakini nina huyu mmoja, na umri wangu mnauona."

Kesho asubuhi tunamnyoa nywele na kumpa jina, na hadi sasa mama yake anamwita "wewe". Je, angekuwa wako, ungemwita nani?