Katlesi za Siku ya Tatu

Haya, sogeeni. Mwenye kitu mdomoni ameze kwanza, maana hadithi hii ina harufu, na sitaki mtu anitapikie mkekani. Nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika katikati natema mate. Mkishasikia mtaamua nyinyi. Mimi imenishinda.

Palikuwa na nyumba moja Tanga, watu wazima watatu na mtoto mmoja. Mtoto aliitwa Mwajabu, mwanafunzi wa darasa la nne. Shule ilikuwa mbali, akitoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, saa ambayo hata tonge halishuki. Kwa hiyo chakula chake cha asubuhi kilikuwa cha kubeba kwenye kopo, akikila darasani kabla ya kipindi cha kwanza. Wale watu wazima wote watatu walimpenda. Hilo lishikeni vizuri, maana wangekuwa hawampendi mambo yangekuwa rahisi.

Mama yake, Zuhura, alijaliwa mkono wa kupika. Lakini alikuwa na zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha kamba za katani, hana nafasi ya kuwasha jiko asubuhi. Basi Jumapili mchana alikuwa akipika vya siku tatu kwa mpigo. Jumapili hiyo alipata nguru mzuri, akamchemsha, akamchambua miba, akamponda na viazi na vitunguu, akachovya kwenye mayai, akakaanga katlesi kumi na mbili. Nne za Jumatatu, nne za Jumanne, nne za Jumatano. Zilinukia mpaka jirani akapiga hodi.

Bibi yake, Bi Mkasi, alijaliwa kuhifadhi. Nyumbani kwake chakula hakikai wazi hata kidogo, kwani kikikaa wazi shetani hukilamba. Katlesi zimetoka kwenye mafuta sasa hivi, bado zinafuka moshi, yeye kashazipanga kwenye makopo matatu, kapiga Bismillahi, kabana vifuniko, kasukuma kwenye friji. Mvuke ukakosa njia, ukageuka maji humo humo. Katlesi zikalala zimelowa, na Bi Mkasi akalala na amani yake.

Mjomba wake, Kibwana, alijaliwa unadhifu. Sketi ya Mwajabu akiinyoosha yeye, marinda unaweza kuyahesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Jumatatu mvua ilimlowesha mtoto, na jioni mjomba akataka kumnyooshea sare. Soketi nzima nyumba ile ni moja, ya friji. Akachomoa friji, akachomeka pasi, akanyoosha, akachomoa pasi, akakunja waya wake vizuri, akaenda zake kutazama mpira. Friji akaisahau. Na kwa kuwa taa yake ya ndani iliungua zamani, hakuna aliyeshtuka.

Kopo la Jumatatu lililiwa salama. La Jumanne nalo, ingawa mtoto alisema zilikuwa zimelegea. Likabaki la Jumatano, ndani ya friji iliyozimwa, kwenye joto la Tanga mnalolijua.

Na hapa ndipo ninapopatwa na kinyaa hasa. Jumatano alfajiri Zuhura alilitoa kopo lile akalitia kwenye begi. Harufu ikampiga, akasema moyoni, ni mfereji huo. Bi Mkasi akafunga zipu ya begi. Harufu ikampiga, akasema, ni paka huyo. Kibwana akalibeba begi kumsindikiza mtoto barabarani. Harufu ikampiga, akalihamishia mkono wa pili! Pua tatu nzima nzima, na hakuna aliyefunua kifuniko. Ptuu!

Darasani Mwajabu alikaa dawati moja na Ruzuna, mtoto mpole, na walikuwa na mtindo wao: cha kwanza unampa mwenzako. Mwajabu akafungua kopo, akageuza uso upande kukohoa mafua ya mvua ya Jumatatu, akamsogezea Ruzuna. Ruzuna, naye pua imezibwa na mafua, hakuwa na shaka, akang'ata. Katlesi ikavutika ute kama bamia. Juu ilikuwa na vinyweleo vya kijivu, chini maji ya rangi ya tope. Ruzuna akatapika kwenye daftari lake la hisabati, akatapika kwenye sketi ya Mwajabu, ile ile ya marinda. Darasa zima likakimbilia madirishani.

"Kwenu mnakula mizoga!" mmoja akapiga kelele. Wengine wakaipokea, wakaiimba mpaka kengele ya kutoka.

Alhamisi Mwajabu hakwenda shule, na siku hiyo ndipo ilipoonekana kwamba friji haijachomekwa. Ijumaa hakwenda. Ijumaa jioni akaja mwalimu wake, Mwalimu Nyange, kashika kiroba kwa vidole viwili, ndani yake kopo. Akaliweka uani. Akasema, "Jumatatu ni mtihani. Kwa sheria ya shule yetu, asiyefanya anarudia darasa."

"Siendi," Mwajabu akasema. "Wananiita mzoga, na mimi sikupika, sikufunika, sikuchomoa kitu. Nitakwenda mmoja wenu akisimama mbele ya darasa aseme, uvundo ule ni wangu mimi, mtoto huyu hana kosa."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Namwona ana haki. Nitampa mtu huyo dakika tano kabla ya mtihani."

Mwalimu alipoondoka, mngewasikia!

"Mimi nilikosa nini?" Zuhura akasema. "Katlesi zilikuwa njema, kopo la kwanza si lililiwa? Nisingepika mapema, mwanangu angeshinda na njaa. Mama, wewe ndiye uliyezifunika za moto."

"Astaghfirullah!" Bi Mkasi akaruka. "Tangu lini kufunika chakula kukawa kosa? Nimekulea wewe hivyo hivyo na hukufa. Friji ingekuwa inafanya kazi zisingeharibika. Muulize kaka yako."

"Niulizwe mimi?" Kibwana akasema. "Nyinyi mlitaka mtoto aende na makunyanzi? Na samaki wa siku tatu anapewaje mtoto? Angepika za siku moja, friji ingezimwa mwezi mzima na asidhurike mtu."

Nyani haoni kundule. Wakabishana Jumamosi, wakabishana Jumapili, na kopo lile liko uani, mainzi yamelizunguka, kila mmoja anapita kaziba pua kwa nguo, hakuna wa kuliosha. Zuhura anaogopa wenzake wa kiwandani wenye watoto darasa lile. Bi Mkasi anafundisha Kurani mtaani na anaogopa wanafunzi wake watasema bibi mchafu. Kibwana anachumbia, na mdogo wa mchumba wake yumo darasani. Aibu ambayo mtoto wa miaka kumi kabebeshwa peke yake, wazima watatu wanaikimbia. Nakinai, wallahi.

Nawaona mnanyoosha mikono. Mnataka kusema waende wote watatu. Hilo Zuhura alilisema Jumapili jioni, na Mwajabu akalikataa.

"Mkienda wote, mama, kila mmoja atamtazama mwenzake, na hakuna atakayesema ni mimi. Nataka mmoja."

Na wewe pale nyuma unayenong'ona kwamba mtoto asamehe tu aende shule, nyamaza. Wakubwa tukishindwa kubeba yetu, huwa hodari sana wa kuwafundisha watoto kusamehe.

Sasa ni Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo. Aliyepika siku tatu mapema asingepika hivyo, Ruzuna asingetapika. Aliyefunika za moto angeziacha zipoe, asingetapika. Aliyechomoa friji angeichomeka tena, asingetapika. Na yeyote kati yao angefunua kifuniko asubuhi ile, mambo yangeishia jikoni. Wamesimama sebuleni wamevaa kila mmoja nguo ya kutokea, na kila mmoja anatazama chini.

Mwajabu yuko mlangoni na begi lake. Kauliza mara moja tu, "Ni nani?"

Je, wewe ungemsimamisha yupi mbele ya darasa? Semeni upesi, mtoto keshavaa viatu.